UZI: Tiketi na chumba siyo bajeti. Tupige hesabu ya likizo ya ufukweni nje ya nchi kabla hatujafika kule

Begi Moja (#1)

Wakuu salaam.

Kila mwaka ukikaribia msimu wa jua napigiwa simu na swali lile lile: "Nina kiasi fulani, nataka bahari wiki moja nje ya nchi, inatosha?" Nimechoka kujibu mmoja mmoja, kwa hiyo naweka hapa. Uzi ni mrefu. Asiyependa kusoma apite kimya kimya.

Mtu akikwambia ana bajeti, mwombe akuoneshe. Tisa kati ya kumi watakuonesha mistari miwili, tiketi na chumba. Kilichobaki anakiita "hela ya kula na kuzunguka", na hapo ndipo anapoliwa yeye.

Chukua mfano huu. Namba nimezibuni, ila nimeziweka kwa euro ili tuende pamoja. Mtu ana 1,500. Tiketi ya kwenda na kurudi 480. Chumba 55 kwa usiku, usiku 8, hiyo ni 440. Zimeondoka 920, amebakiwa na 580. Anagawa kwa siku 9, anapata 64 na ushee kwa siku. Anachekelea, anabonyeza "lipa".

Sasa ngoja. Kutoka uwanja wa ndege hadi bandarini, kwenda na kurudi, 70. Boti ya kisiwani, kwenda na kurudi, 60. Begi la kuingia tumboni mwa ndege, maana ile tiketi ya bei poa ilikuwa ya mtu na kibegi cha kusukumia chini ya kiti, 60 kwa safari zote mbili. Bima 35. Kodi ya utalii 2 kwa kila usiku, 16. Intaneti ya simu 15. Jumla 256. Ile 580 sasa ni 324, na hajatenga hata senti ya dharura. Mimi hutenga sehemu moja ya kumi ya fedha yote, na haiguswi mpaka niwe nimerudi. Toa 150. Imebaki 174. Gawa kwa 9.

Ni 19 kwa siku.

Kutoka 64 hadi 19, na hakuna aliyekuibia. Kila kitu kilikuwepo tangu mwanzo, ila hukukiandika.

Wengi wakifika hapo hukimbilia kukaza mkanda. Tutakula mara moja, tutatembea kwa miguu, maji tutajaza bombani. Siku ya kwanza mnaweza. Siku ya tatu jua limewapiga utosini, miguu ina malengelenge, mnanunua maji kwa yule anayepita mchangani na boksi la barafu, kwa bei anayotaka yeye, halafu mnaanza kulaumiana nani alisahau chupa. Mimi sikazi mkanda, nakata usiku. Toa usiku 2 kwenye ule mfano, umeokoa 110 za chumba na 4 za kodi. Ile 174 inakuwa 288, siku zinabaki 7, unapata 41 kwa siku. Siku saba za kuishi kama binadamu nazitaka kuliko tisa za kuhesabu sarafu mbele ya bahari.

Na nisijifanye mjanja, mimi mwenyewe nimejifunza kwa kupigwa. Split, Croatia, mwezi wa saba. Nchi ile ilihamia euro tarehe 1 Januari 2023, nikajua sarafu haitanisumbua. Nimeshuka kwenye boti saa tano usiku, mwenye chumba anataka taslimu, na ATM hiyo hapo hatua ishirini, inawaka kama duka la peremende. Nikaomba 200. Kioo kikaniuliza kwa adabu zote: je, ungependa tukukate kwa sarafu ya akaunti yako ili ujue kabisa unalipa kiasi gani? Kitufe cha kukubali kilikuwa cha kijani, kipana kama kiganja. Cha kukataa kilikuwa cha kijivu, kimejibanza kona ya chini, na maneno yake yameandikwa kana kwamba ukikigusa muamala unakufa. Nikabonyeza kijani. Asubuhi nikapiga hesabu kwa utulivu. Nilikuwa nimelipa zaidi ya asilimia 10 juu ya kile ambacho benki yangu ingenikata, pamoja na ada ya mashine yenyewe. Kwa kidole kimoja.

Kijivu, wakuu. Iwe ATM, dukani au mapokezi ya hoteli, chagua kukatwa kwa sarafu ya nchi uliyopo, benki yako ifanye ubadilishaji. Muamala haufi. Kwa nchi za Umoja wa Ulaya sheria inawalazimu waoneshe asilimia wanayoongeza juu ya kiwango cha Benki Kuu ya Ulaya, nao wanaionesha, kwa herufi za kutafutia miwani.

Nakaribisha nyongeza na mawe.

Mstaafu Mtarajiwa (#2)

Mkuu, darasa zuri, ila jiwe langu la kwanza hili hapa. Hiyo ya kukata usiku siiafiki. Tiketi ya 480 kwa siku 9 ni kama 53 kwa siku. Kwa siku 7 ni karibu 69. Umeifanya kila siku iwe ghali zaidi, halafu unasema umeokoa.

Badilisha tarehe kwanza. Bahari inapata joto polepole na inapoa polepole. Kwa Mediterania, mwisho wa Septemba maji bado yana joto la kiangazi, wakati mwishoni mwa Mei jua lipo ila ukitumbukia unatoka unatetemeka. Na Septemba shule zimefunguliwa, familia zimeondoka, vyumba vinaanza kushuka bei. Usiku ule ule, bahari nzuri zaidi, hela pungufu. Huhitaji kukata chochote.

Begi Moja (#3)

Hapo kwa tarehe umenishika, nakubali mikono miwili. Mwenye uhuru wa tarehe aanzie hapo kabla hajagusa kitu kingine. Ila wapo wenye likizo ya kupangiwa na bosi, na hao ndio wanaonipigia simu.

Kuhusu tiketi kugawanywa kwa siku, hesabu yako ni sahihi kwenye karatasi. Lakini tiketi ikishalipwa haikulishi wala haikupi kinywaji. Ukiwa kule, mfuko unaongea lugha ya "leo nina ngapi". Ndiyo maana naiweka pembeni kabisa.

Na tahadhari kwenye hiyo Septemba yako. Usiipeleke Karibi. Msimu wa vimbunga vya Atlantiki ni kuanzia 1 Juni hadi 30 Novemba, na Septemba ndiyo kilele. Kule ukiona chumba kimeshuka nusu bei, jiulize kwanza kwa nini.

Mama Wawili (#4)

Kaka Begi Moja, ahsante sana, nimesoma mara mbili na nimemsomea na baba watoto. Sisi tuko wanne, mkubwa ana miaka 9, mdogo 4. Tunafikiria Italia ya kusini. Tunahitaji viza. Mbona kwenye hesabu yako viza haipo? Na je, tukate tiketi kwanza au viza kwanza?

Karani wa Foleni (#5)

Dada Mama Wawili, nikusaidie hapo maana hizo fomu nazijua kuliko jina langu. Viza ya Schengen, yaani ile moja ya nchi nyingi za Ulaya, Italia ikiwemo, tangu tarehe 11 Juni 2024 ni euro 90 kwa mtu mzima, 45 kwa mtoto wa miaka 6 ambaye hajafika 12, na chini ya miaka 6 ni bure. Ninyi wanne ni 90, 90 na 45, yaani 225. Kama maombi mnayapitisha kituo cha wakala, kuna ada yake juu. Na ikikataliwa hairudi, kwa hiyo iandike kwenye bajeti kama hela iliyokwisha kutoka mkononi.

Bima siyo hiari. Inatakiwa ifunike matibabu na kurudishwa nyumbani kwa kiasi kisichopungua euro 30,000, na ihusu nchi zote za Schengen. Maombi yanapokelewa kuanzia miezi 6 kabla ya safari hadi siku 15 kabla. Usisubiri hizo 15, huo ni mwisho wa foleni.

Mpangilio ni huu. Chumba weka kile kinachofutika bila gharama. Tiketi fanya oda bila kulipa, na kama ni lazima ulipe, lipa inayorudishika hata ikizidi kidogo. Nimewaona watu wamelipa tiketi ya bei ya kutupa isiyorudishwa, viza ikagoma. Ile bei ya kutupa wameitupa kweli.

Dereva Mgeni (#6)

Naongeza la gari. Nilikodi siku nne, 30 kwa siku, nikaandika 120 kwenye daftari na kujipongeza. Nafika dirishani, yule binti anatabasamu, ananiambia watashikilia 1,200 kwenye kadi kama amana, au ninunue bima yao ya 25 kwa siku amana ishuke. Kadi yangu ilikuwa ya kutolea hela ya kawaida, siyo ya mkopo. Nikakubali washikilie. Nikajua ni jambo la siku nne.

Nilirudisha gari bila mkwaruzo. Hela ilirudi baada ya wiki mbili na nusu. Kwa hiyo nusu ya pili ya likizo nilikuwa naiona hela yangu kwenye simu, imeandikwa, na siwezi kuigusa. Kama kuku wa jirani, unamwona anatagia uvunguni mwako na siyo wako.

Hotelini nao wengine hufanya hivyo hivyo, kiasi kidogo zaidi. Kwa hiyo kwenye ile hesabu ya Begi Moja ongeza mstari wa hela isiyopotea lakini isiyopatikana. Na uulize kiasi cha amana kabla ya kuweka oda, kwa maandishi.

Mfalme wa Kitaa (#7)

Sasa mtu anahesabu mpaka senti za kodi ya kulala, si akae nyumbani aangalie bahari kwenye TV?

Mama Wawili (#8)

Ndugu Mfalme, mwenye nazo hahitaji uzi. Pita taratibu, usitukanyagie watoto.

Chumvi Mwilini (#9)

😂😂 Mama kamaliza.

Wanaoota Maldives, njooni huku pembeni. Kule tiketi na chumba haviwezi kuwa bajeti kabisa, kwa sababu tatu zitakazokukuta hujakaa vizuri.

Kwanza, bei ya chumba ikiwa na alama mbili za kujumlisha (++) mbele yake, hiyo siyo bei. Juu yake inakuja asilimia 10 ya huduma, kisha kodi ya utalii ambayo tangu 1 Julai 2025 ni asilimia 17. Chumba cha dola 200 kinakuwa kama 257. Na hizo alama ziko kwenye menyu ya mgahawa pia, na kwenye kila safari ya kupiga mbizi.

Pili, kodi ya mazingira. Tangu Januari 2025 ni dola 12 kwa kila mtu kwa kila usiku kwenye hoteli za visiwa binafsi, na dola 6 kwenye nyumba ndogo za wageni kwenye visiwa vya wenyeji. Watu wawili usiku 7 ni 168 kule, 84 huku. Unaanza kuelewa kwa nini wenye akili ya hela wanalala visiwa vya wenyeji.

Tatu, na hili ndilo lililonitoa machozi. Uwanja mkuu wa ndege uko kisiwa kimoja, hoteli yako iko kingine. Unafika kwa boti au kwa ndege za majini, na ndege hizo zinaruka mchana tu. Mimi nilikata tiketi iliyotua jioni kwa sababu ilikuwa nafuu. Nimetua, giza limeingia, ndege ya majini hakuna mpaka asubuhi. Nikalala hoteli ya karibu na uwanja kwa hela yangu, huku kile chumba cha juu ya maji nimeshakilipia na kimelala peke yake. Tiketi nafuu yangu iliishia kuwa ghali kuliko ile niliyoikimbia. Kabla ya kukata tiketi, iulize hoteli saa ya mwisho ya kupokelewa.

Begi Moja (#10)

Chumvi, hiyo ya tatu naiiba. Nimekuwa nikisema watu waangalie bei ya tiketi na bei ya begi, kumbe waangalie na saa. Ndege inayotua saa saba usiku inakulipisha teksi badala ya basi, na usiku mzima wa chumba kwa ajili ya kulala saa nne.

Nahodha Mchovu (#11)

Na siku ya mwisho je? Ugiriki, visiwa vya Aegea, Julai na Agosti kuna upepo wa kaskazini, wenyewe wanauita meltemi. Mbingu ni ya bluu, jua linawaka, huoni hata wingu, na boti zimefungwa bandarini kwa amri kwa sababu bahari imechafuka. Nilikuwa na boti ya saa nne asubuhi na ndege ya saa kumi jioni kutoka Athens. Mpango mzuri sana kwenye karatasi. Boti haikutoka mpaka kesho yake. Nauli ya boti walinirudishia bila ubishi. Ya ndege, hakuna wa kumdai, maana ndege yenyewe iliondoka kwa wakati, nikiwa nimekaa juu ya begi langu naiangalia bahari.

Tangu hapo usiku wa mwisho nalala nchi kavu, upande wenye uwanja wa ndege. Kisiwani nakaa usiku pungufu mmoja, na sijawahi kujuta.

Huko huko Ugiriki kuna tozo ya mabadiliko ya tabianchi, inalipwa mapokezi, kwa chumba kwa usiku. Kuanzia Aprili hadi Oktoba ni euro 2 kwa hoteli za nyota 1 na 2, 5 kwa nyota 3, 10 kwa nyota 4, 15 kwa nyota 5. Usiku 8 kwenye nyota 4 ni 80. Kile chumba "cha ofa" kikilinganishwa vizuri na cha nyota 2, ofa inayeyuka.

Kidoti (#12)

Wakuu, vipi vile vifurushi vya kila kitu ndani, chakula na vinywaji na kitanda cha ufukweni? Si ndiyo dawa ya haya yote? Unalipa mara moja unasahau.

Begi Moja (#13)

Kwa wengine ni dawa kweli. Una watoto wanaoomba juisi kila dakika ishirini, au mnakunywa, au hamna mpango wa kutoka getini, chukua bila kufikiri. Utajua jumla kabla hujaondoka, na hilo lina thamani yake.

Ila jiangalie tabia. Mimi nikikaa hotelini siku mbili nahisi nimefungiwa. Nilichukua kifurushi mara moja, nikala nje mara tano kati ya siku saba. Nililipa chakula mara mbili, kimoja nikakiacha mezani. Kabla ya kulipa, hesabu milo mingapi utakula mule ndani kwa kweli, siyo mingapi unaruhusiwa. Na soma nini hakimo. Usafiri wa uwanja wa ndege mara nyingi haumo, vinywaji vya chapa fulani havimo, na kodi ya utalii wanaweza kukudai pale pale.

Mstaafu Mtarajiwa (#14)

Jiwe la pili, dogo. Hamjagusa taslimu. Usibadilishe fedha nyingi uwanja wa ndege, badilisha ya usafiri wa kufika mjini basi. Na zipo sarafu zisizotoka. Dinari ya Tunisia hairuhusiwi kuingizwa wala kutolewa nchini, kwa hiyo ukibadilisha nyingi siku ya kwanza utajikuta siku ya mwisho unanunua vitu usivyovitaka. Tunza risiti ya kubadilishia, utaitaka ukienda kugeuza zilizobaki. Badilisha kidogo kidogo.

Halafu suala la begi. Ukikutwa getini na begi lililozidi, utalipa zaidi ya ulivyoombwa wakati wa kukata tiketi. Pima nyumbani, lilipie mapema, au vaa koti lako.

Begi Moja (#15)

Jina langu hapa limetoka wapi unadhani 😅

Kwa anayetaka kuanza leo, chukua karatasi, usianze na tiketi. Chora safari kuanzia mlango wa nyumba yako hadi mlango wa chumba, kila unapobadili chombo andika bei na saa. Igeuze, andika ya kurudi. Ndipo uende kwenye chumba, kodi, bima, viza. Tenga ya dharura. Kilichobaki gawa kwa siku. Ile namba ya mwisho ndiyo ikuambie uende siku ngapi, au usogeze tarehe kama Mstaafu anavyotaka.

Mama Wawili (#16, baada ya miezi mitatu)

Habari zenu wote. Tumerudi salama, watoto wameungua mabega lakini wana furaha.

Viza ilitoka, 225 kama alivyosema Karani, na ada ya kituo juu yake. Tulienda Puglia, huko huko Italia ya kusini, wiki ya pili ya Septemba, usiku 6 badala ya 9 tuliotaka. Tulikubaliana na Begi Moja na Mstaafu kwa pamoja, msigombane tena.

Tulichokosea ni ufukweni. Kule viti na miavuli vimepangwa kwa safu, na safu ya mbele ni ghali kuliko za nyuma. Siku ya kwanza baba watoto akasema tumetoka mbali, tukae mbele. Tukalipa 40 kwa viti viwili na mwavuli. Watoto hawakukaa hata dakika kumi, walikuwa majini, na sisi tumesimama majini tunawachunga. Viti vimekaliwa na mabegi. Siku ya pili tukatafuta kipande cha ufuko wa bure, tukatandika mataulo, ikawa hivyo mpaka mwisho.

Ile ya dharura tuliigusa mara moja, mdogo aliumwa sikio. Daktari tukamlipa pale pale, risiti tumewatumia bima, tunasubiri.

Na ATM. Kioo kikauliza lile swali. Nikanyoosha kidole, na huku nyuma mkubwa wangu, kwa sauti ya kusikika barabara nzima: "Mama, kijivu! Kijivu!" Watu wote kwenye foleni wakageuka. Nikabonyeza kijivu, hela ikatoka.